Mabenchi Manne ya Bakhit

Mwandiko wangu mzuri. Nianze na hilo, maana katika ukoo wetu mzima hapa Maskati hakuna mwenye mwandiko kama wangu, na mie skuli niliiacha darasa la sita, Unguja, kabla hatujaja huku. Waliosoma mpaka Ulaya wanaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Basi mpwa wangu Rawan alipotaka khabari za marehemu baba yake ziandikwe, wajukuu waje wazisome, hakwenda kwa madaktari wala mainjinia wa ukoo. Alikuja kwangu.

"Mjomba Saeed, andika wewe. Lakini andika kweli."

"Mie lini nimesema uongo?"

Akanitazama tu. Mtoto yule ana macho ya mama yake.

Haya, kweli. Baba yake ni Bakhit, shemeji yangu, mume wa dada'ngu Mahfoudha. Alizaliwa Bukoba, karibu na ziwa, mzee wake akiuza nguo na kununua kahawa. Alifika Oman ana miaka kumi na minne, Kiarabu hajui ila cha kusalia. Kwa hivyo mie nilimwita mtu wa bara tangu siku alipoposa, na yeye akaniita mla urojo. Tukikutana harusini, watu wamekaa na heshima zao na majoho yao, ataniuliza kwa sauti: "Mla urojo, umeshiba, au tukuchemshie ndizi?" Nami namjibu, "Ndizi wape ng'ombe wenu wa Bukoba." Wageni walidhani tunagombana. Nyinyi vijana hamjui utani wa mashemeji. Mkitaniwa kidogo mnafunga simu.

Kazi yake ilikuwa ukaguzi katika soko kuu la matunda na mboga, Mawaleh, miaka ishirini na saba. Malori yakiingia alfajiri, yeye anafungua masanduku, ananusa, anabonyeza, anaandika. Tikiti maji akiligonga kwa kifundo cha kidole anakwambia lilichumwa lini na limelala juani siku ngapi. Siku moja nikampelekea tikiti nililolinunua mwenyewe, kubwa kama mtoto wa miaka miwili, nimelibeba begani kwa mbwembwe. Akaligonga. Akatega sikio. Akasema, "Hili, shemeji, ulilinunua kwa sababu muuzaji alikusifu." Tulipolikata, jeupe ndani. Na kweli muuzaji alinisifu.

Hakuwa msemaji. Huo utani kwangu ndio ulikuwa usemaji wake wote. Kwa mke wake hata utani hakuwa nao. Atarudi na maembe, atachagua moja lililo bora, atalimenya, atalikata vipande na kuviweka kwenye sahani ya Mahfoudha, kisha ataendelea kula lake lenye nyuzi. Akiambiwa "ahsante" anaona haya, anauliza kama kuna chumvi.

Sasa nije kwenye ziwa.

Miaka kumi na moja iliyopita, Rawan aliwachukua wazazi wake Austria kukimbia joto la Julai, kama watu wengi wa huku wafanyavyo. Wakashukia kijiji kimoja cha milimani, kando ya ziwa. Jina lake lina herufi nyingi kuliko wakaazi, kwa hivyo sisi tulikiita Ziwani, basi. Kimya kitupu. Kengele za ng'ombe, kengele ya kanisa lao, na maji. Rawan anasema baba yake siku ya kwanza alivua viatu, akakunja suruali, akaingia ziwani mpaka vifundoni. Akasimama muda mrefu. Kisha akasema, "Letu lilikuwa na vuguvugu," akatoka.

Tangu hapo kila Julai walirudi Ziwani, yeye na Mahfoudha. Mie nilimuuliza, "Mtu wa bara, kama unataka ziwa, si uende kwenu Bukoba?" Akanijibu, "Bukoba nitamkuta nani?" Hilo hakulisema kwa utani, na mie nikaliacha.

Pale Ziwani kuna njia inayozunguka ziwa zima. Rahisi, tambarare, mtoto anayejifunza kutembea anaiweza. Kwa mwendo wa Bakhit ilichukua saa tatu na nusu: wanatoka baada ya chai, wanarudi kabla ya Adhuhuri. Wazee wa kule wakikutana naye njiani wanamsalimu kwa lugha yao, yeye anawajibu "Waaleikum salaam," na wao wanaridhika, wanainua kofia. Njiani kuna mabenchi manne, na Bakhit aliyapa majina ya mahali petu hapa Maskati. La kwanza, mbele ya mkahawa, penye watu na baiskeli, ni Ruwi. La pili, mbele ya shamba la kabichi, ni Mawaleh, na pale alikuwa haondoki mpaka amezikagua zile kabichi kwa macho. La tatu liko upande wa pili wa ziwa, kwenye ghuba ndogo isiyo na nyumba hata moja, na ukikaa hapo unakiona kijiji chote kimepinduka majini. Hilo ni Yiti. Na la mwisho, unapoanza kuliona paa la hoteli, ni Mabela, kwa sababu Mabela ndiko kwao, na ukifika Mabela umefika.

Kahawa ilinywewa Yiti. Alikuwa na chupa yake nyekundu ya chai, imebonyea ubavuni, anaibeba kwapani kama mtoto mchanga. Mahfoudha akiomba tone wakiwa Mawaleh, jibu ni moja: "Yiti." Miaka kumi, jua, mvua, hakuna aliyeonja kahawa ile kabla ya Yiti.

Mwaka jana nikaenda nao. Niliwaambia watu wote wa msikitini kwamba nitalizunguka ziwa lile mara mbili, moja kwenda na moja kurudi. Nilinunua viatu vya mlimani. Nilinunua na fimbo mbili zile za chuma. Bakhit alizitazama akauliza, "Shemeji, unakwenda kutembea au kuangua nazi?"

Siku ya matembezi goti la Mahfoudha likamshika. Likavimba, hawezi hata ngazi. Akabaki kwenye roshani ya hoteli, mguu juu ya mto. Alitutilia kahawa chupani, akatutilia tende, kisha akaniita pembeni.

"Kaka, mwende naye mpaka mwisho. Asizunguke peke yake."

"Peke yake vipi na mie nipo? Nitakurudishia amechoka yeye, si mie."

"Niahidi."

"Nimekuahidi, mama. Kaa na goti lako."

Na tuliporudi, basi khabari nilizompa! Nilimsimulia ziwa zima. Nilimsimulia ng'ombe, kabichi, bata. Nilimwambia Yiti tulikaa, tukanywa kahawa, yeye viwili, mie vitatu, na Bakhit akakitazama kijiji ng'ambo ya maji akasema: "Shemeji, raha yote niliyoiona duniani imekaa kwenye roshani ile, inanisubiri." Mahfoudha alijifunika uso kwa ncha ya mtandio, akacheka kama msichana wa miaka kumi na sita. Bakhit alikuwa amekaa kitandani akitazama viatu vyake. Hakusema ndiyo, hakusema siyo.

Maneno hayo niliyarudia Maskati mwaka mzima. Kila nyumba niliyokaribishwa chai niliyasema, na kila nyumba waliniambia, "Saeed, kumbe shemeji yako mshairi!"

Mwisho wa Mei mwaka huu, baada ya Alasiri, Bakhit alirudi kutoka msikitini, akakaa kwenye kibaraza cha nyumba yake Mabela avue viatu. Alivua kimoja. Mahfoudha alimsikia anaingia getini, akaweka maji motoni. Maji yalichemka, yakapungua, hakuna aliyeingia. Alipotoka kumtazama alimkuta ameegemea mlango, kiatu kimoja mkononi. Madaktari walisema ni moyo. Walisema moyo huo ulikuwa umechoka zamani, si wa jana wala juzi.

Mahfoudha akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, hatii manukato. Wanawake walikuja kumpa pole siku baada ya siku, na mie nilikuwa upande wa pili, majilisi ya wanaume, mlango umeachwa wazi kidogo. Nikamsikia anawaambia. "Mwaka jana tu, kule Ziwani, alimwambia kaka'ngu: raha yote niliyoiona duniani imekaa kwenye roshani ile." Wanawake wakalia. Kesho wamekuja wengine, akawaambia tena. Keshokutwa tena. Maneno yangu yalikuwa yanapita mlangoni, yananikuta na kikombe mkononi, nakirudisha kwenye sinia kimejaa. Nyinyi mnanijua. Mie nirudishe kikombe kimejaa?

Julai ilipofika akanipigia simu. Nje digrii arubaini na saba, hata paka wa Mabela wamejificha chini ya magari. Nikaenda. Nikamkuta amevaa viatu vya kutembelea, ndani ya nyumba.

"Leo ndiyo siku ile," akasema. "Nizungushe."

"Nikuzungushe wapi, Mahfoudha, na wewe uko edani?"

"Humu humu."

Alikwishapanga. Kiti cha mlangoni ndiyo Ruwi. Meza ya jikoni, penye kapu la nyanya, ndiyo Mawaleh. Yiti ni kiti cha mwisho wa ukumbi, chini ya dirisha. Mabela ni chumbani kwake. Akanishika mkono, tukaanza, polepole, goti lake na mguu wangu wenye jongo, kiyoyozi kikinguruma juu yetu.

Kwenye kiti cha mlangoni akauliza, "Hapa Ruwi mlikaa?"

"Kidogo tu."

"Mlisema nini?"

"Utani wetu, unaujua."

Tukafika jikoni. "Mawaleh. Kabichi zilikuwaje?"

"Nzuri. Alizisifu."

Akanigeukia. "Bakhit azisifu kabichi?"

"Alisema... si mbaya."

"Aa. Hilo ndilo lake."

Tukaenda mpaka dirishani. Akakaa. Akaninyooshea mkono nikae. "Yiti," akasema. "Mkanywa kahawa."

"Tukanywa."

"Vikombe vingapi?"

"Yeye viwili, mie vitatu."

Akalikunjua goti lake, akalikunja. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kaka, chupa ile niliifungua mie jioni ile niioshe. Ilirudi imejaa. Nilimwaga kahawa yote kwenye sinki la hoteli, na bado ilikuwa inatoa mvuke."

Mie nina jibu la kila kitu. Niulizeni mwezini kuna nini nitawajibu. Siku ile, chini ya dirisha lile, jibu lilikuwa moja tu.

Nikamwambia kweli. Na kwa kuwa Rawan ameniambia niandike kweli, naiandika hapa kwa mwandiko wangu mzuri.

Tulifika Ruwi, pale mkahawani walikuwa wanatoa keki ya matufaha, ya moto, harufu imetanda njiani. Viatu vyangu vipya vilikuwa vinanibana. Nikakaa. Nikamwambia Bakhit, "Nenda, mtu wa bara, utanikuta hapa." Hakubisha. Alisema, "Mla urojo amechoka Ruwi!" akacheka, akaweka chupa kwapani, akaenda. Mie nikala keki. Nikala na ya pili.

Ilipita saa moja na nusu nikamwona anakuja. Lakini alikuwa anatokea njia ile ile aliyokwendea. Mtu aliyezunguka ziwa hutokea upande wa pili. Alikuwa anashika ua wa mbao, hatua mbili, anasimama, hatua mbili, anasimama. Baridi ile, na yeye shati limemganda mgongoni kwa jasho. Uso rangi ya jivu. Na mie, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichomwambia kilikuwa utani: "Bukoba imeshindwa na Austria?"

Akakaa. Akasema, "Miguu imekataa, Saeed."

Miaka thelathini na nane nimekuwa mla urojo. Siku ile ndiyo ya kwanza aliyoniita jina langu.

Baadaye kidogo rangi ikamrudi. Nikamuuliza alifika wapi. "Mawaleh. Yiti niliiona kwa mbali." Kisha akasema, "Usimwambie dada'ko, atanifungia ndani." Nikamwambia, "Na wewe usimwambie kama sikwenda." Tukaafikiana pale pale. Yeye akaficha moyo wake, mie nikaficha keki yangu. Na ili keki isionekane, nikaifunika kwa maneno, nikatia roshani, nikatia raha yote ya duniani. Kutoka siku ile mpaka siku aliyovua kiatu kimoja ni miezi kumi. Miezi kumi ya kwenda kwa daktari. Ningesema neno moja la kweli, badala ya yale mengi mazuri.

Nilipomaliza, Mahfoudha alikuwa anapangusa kioo cha dirisha kwa kidole, mahali pasipo na vumbi.

"Na lile neno la roshani?"

"Langu."

"Nilijua. Bakhit hakuniambia hata siku moja nimependeza. Siku ya harusi aliniambia, 'Umechoka?'"

"Kama ulijua, mbona ukiwaambia watu?"

"Nilitaka liwe lake."

Kisha akasema, "Khabari ya chupa nilimuuliza Bakhit. Akaniambia, kaka'ko alihadithia mpaka kahawa tukaisahau. Mtu hajaisahau kahawa Yiti miaka kumi, akaisahau siku ile. Na mie nikaimwaga, nikanyamaza. Sikutaka safari iharibike." Akainuka, akajishika ukutani. "Nenda kwako, kaka."

Chumbani, Mabela, hatukufika.

Hakunipigia tena. Nilimpelekea samaki kutoka Yiti yenyewe, Yiti ya kweli, nguru wa asubuhi ile ile. Rawan akaniambia mama yake alishukuru, akawagaia majirani. Nikapeleka tena. Wakala majirani. Nilikaa nyumbani mpaka watu wa msikitini wakauliza kama ni mgonjwa, kwa sababu kimya changu hawakukizoea.

Eda ikaisha Oktoba. Wiki tatu baadaye, hewa ilipoanza kupoa, simu ikalia. "Kaka, njoo asubuhi. Vaa viatu."

Nikamchukua kwa gari. Akaniambia twende Qurum, bustanini. Pale kuna lile ziwa dogo la kutengenezwa, mnalijua, wanapopigia picha maharusi. Akashuka na fimbo yake na chupa nyekundu iliyobonyea. Alikwishahesabu na Rawan: mizunguko kumi na miwili ya ziwa lile ndiyo Ziwani moja. Tasbihi mkononi, mzunguko mmoja punje moja.

Mzunguko wa pili ulipokwisha jongo likaniuma. Nikaliona benchi, mwili wangu ukakaa wenyewe.

"Hapo ni Ruwi," akasema, amenisimamia kichwani. "Hapo ulishakaa. Inuka."

Nikainuka.

Mzunguko wa tano ukiisha akasimama yeye. Akasema, "Mawaleh. Hapa ndipo alipogeuza." Tukasimama. Mfagiaji wa bustani alitupita, akafagia majani, akarudi akatupita tena, sisi tumesimama. Mkono wa Mahfoudha ulikuwa umeshika reli ya ziwa. Nadhani alikuwa anajaribu ilivyo, kushika ua hatua mbili mbili. Sikumuuliza. Kisha akavuta punje ya tasbihi, tukaendelea mpaka mzunguko wa nane.

Yiti aliiweka chini ya mnazi mmoja, upande usio na watu. Tukakaa. Viatu vile vile vya mlimani bado vilikuwa vinanibana. Akaiweka chupa katikati yetu, asiifungue.

"Haya," akasema. "Kama angefika, angesema nini?"

Maneno yalinijia, msidhani hayakunijia. Yalikuja matatu manne, mazuri, moja lilikuwa na maji na kioo ndani yake. Niliyaona yote, nikayaacha yapite.

"Asingesema kitu," nikamwambia. "Angekumiminia kahawa."

Mahfoudha akakubali kwa kichwa, taratibu, mara nyingi, kama mtu anayemuitikia mtu aliye mbali. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyapangusa. Akafungua chupa, akanimiminia. Nikanywa. Akamimina cha pili. Nikanywa, nikakitikisa kikombe, kama desturi yetu ya huku, kuonyesha nimetosheka.

Akakijaza.

"Vitatu ulisema."

Nikanywa cha tatu. Naye akanywa viwili, kimoja baada ya kimoja, bila kupumzika, mpaka chupa ikakauka. Kisha akashika fimbo yake, akanyanyuka, goti likalia.

"Mabela bado," akasema, akatangulia.

Nikamfuata. Chupa niliibeba mie, kwapani. Ilikuwa nyepesi.